Nyufa za Kualikwa

Fundi wetu alikuwa na jina zuri tu alilopewa na wazazi wake, lakini mtaa mzima ulikuwa umelisahau. Walimwita Nyufa. Na aliyempa jina hilo, jamani, hakuwa adui yake wala mshindani wake wa kazi. Alikuwa mama mkwe wake mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Miaka miwili nyuma alimwaga zege uani kwa Bibi Redio, jirani wa ng'ambo ya barabara, mama mtu mzima aliyeitwa hivyo kwa sababu habari ikimfikia saa mbili, saa mbili na robo imeshafika sokoni. Fundi alimwaga zege lile saa sita mchana, jua la utosi, tena msimu wa upepo. Lilipokuwa zito kusawazisha akaliongezea maji, ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, likalainika kama uji wa mgonjwa. Akalipitishia mwiko likang'aa. Akajisifu kidogo, akaenda kula. Kurudi, uwanja ulikuwa na nyufa kumi na saba. Alizihesabu, na baadaye akazihesabu tena usingizini.

Mama mkwe wake alikuwa pale kwa rafiki yake siku hiyo, wakati huo bado akitembea kwa miguu yake miwili. Akashika kiuno, akautazama uwanja kutoka kona hii hadi ile, akasema, "Huyu si fundi zege. Huyu ni fundi nyufa." Bibi Redio alicheka mpaka akashika ukuta. Alipomaliza kucheka, akatangaza.

Basi ikawa nongwa. Hakuna aliyemwita tena kumwaga zege, hata la kushikia nguzo ya kamba ya nguo. Mapacha wake wa kike, waliokuwa darasa la kwanza, shuleni wakawa Ufa wa Kwanza na Ufa wa Pili, na walirudi nyumbani wakilia kwa zamu. Baba yao akaenda kubeba ndoo kwenye jengo kubwa nje ya mji, kibarua chini ya mafundi wa watu. Huko akaona mambo ambayo hakuwahi kufundishwa: zege likifunikwa kama mtoto mchanga, likinyweshwa maji siku saba, likikatwa kwa msumeno wa umeme kabla hata jua halijazama. Hakuuliza kitu. Aliiba yote kwa macho.

Mji wenyewe uko ukingoni mwa jangwa, na upepo wa huko hauna adabu hata chembe. Unaingia ndani bila kubisha, unakuvua kofia mbele ya wakubwa zako, unakunywa maji ya beseni kabla hujafua. Ukianika nguo, unapobana ya mwisho ile ya kwanza imeshakauka na iko kwa jirani. Upepo kama huo ukilikuta zege bichi, unalifyonza maji ya juu kabla la chini halijajua kuna nini, na hapo ndipo linapoanza kuchanika. Hili Nyufa alikuwa analijua sasa. Ila kulijua ni jambo moja, na kupata mtu wa kukuamini ni jambo lingine kabisa.

Mama mkwe aliishi nao, kwenye chumba cha uani kinachotazama geti. Miezi sita iliyopita aliteleza bafuni akavunjika nyonga, na tangu hapo akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Kiti hicho alikiita Punda, kwa sababu kinakwenda kikitaka. Na uani hakikutaka. Kutoka mlangoni kwake mpaka getini ni hatua kumi na tano, zote za mchanga, na magurudumu yalizama nusu nzima. Kubebwa alikataa kata kata. Siku moja mkwe wake alijitolea kumbeba, akatazamwa mara moja tu, akaomba radhi.

"Mimi si mfuko wa saruji," mama alimwambia Punda.

Ndiyo, alimwambia Punda. Hilo nalo lilikuwa jambo. Tangu siku ya zile kumi na saba, mama mkwe hakumsemesha mkwe wake uso kwa uso. Maneno yote aliyapitishia pembeni: zamani kwa paka, kwa sufuria, kwa ukuta, na sasa kwa Punda. "Punda, mwambie mwenye nyumba bomba linavuja." "Punda, waulize watu wa humu kama chai ya leo ina sukari au ina picha ya sukari." Fundi alijibu kwa heshima zote, "Naam, mama, limesikika," huku akimtazama Punda, maana hakujua atazame wapi. Moyoni aliamini anadharauliwa. Na ilimuuma, tusifichane. Ilimuuma kuliko jina lenyewe.

Na Bibi Redio? Naye miguu ilikuwa imevimba, anatembea kwa kushika ukuta, mwisho wake kibarazani. Basi marafiki wale wawili, waliojuana tangu enzi za kurithishana sare za shule, walikuwa wamekaa miezi sita wakionana kwa mbali, huyu mlangoni kwake na yule kibarazani kwake, katikati barabara na mageti mawili yaliyo wazi. Wakipiga soga kwa kupiga kelele. Upepo ukipita unakula nusu ya maneno, na nusu iliyobaki kila mmoja anaielewa anavyopenda.

Jumapili moja asubuhi Bibi Redio alipaza sauti kuliko kawaida.

"Ninahamaaa! Mwanangu anakuja kunichukua!"

"Anakuja kukuchukia? Umemfanya nini?"

"Kunichukuaaa! Nikaishi kwake! Alhamisi ya wiki ijayo!"

Hiyo ilifika nzima. Mama mkwe alikaa mlangoni, mikono mapajani. Fundi alikuwa ananawa uso bombani, akaona jinsi kidevu cha mama kilivyotetemeka, akajifanya hajaona.

Baada ya muda mama akazungumza, taratibu, na Punda.

"Punda, huko anakokwenda ni safari ya siku mbili kwa basi. Mimi na yeye hatutaonana tena, tusidanganyane. Watu watasema tumlete yeye huku, tumpakie, tumbebe. Sitaki. Nataka nimwendee mimi. Nifike mlangoni kwake, nibishe hodi kama mtu." Kisha, bila kugeuza shingo, akaongeza, "Punda, kama humu ndani kungekuwa na mtu anayejua zege, ungepata njia."

Fundi alibaki na sabuni usoni. Macho yakamwasha na hakuyafuta.

"Mama amesema nini?" mkewe alimuuliza jikoni.

"Ametaka zege. Kutoka mlangoni mpaka getini."

"Kwa nani?"

"Kwa nani tena! Kwangu!"

Mkewe akaweka kisu chini. "Baba Mapacha, huu ndio mwezi mbaya kuliko yote. Wenye akili zao wanamwaga zege wakati wa baridi."

"Bibi Redio haondoki wakati wa baridi."

"Likipasuka je? Gurudumu la mbele la kile kiti ni dogo namna hii. Likinasa kwenye ufa, mama anaanguka na ile nyonga yake."

"Najua."

"Na jina litakuwa la milele."

"Najua, mama watoto, najua! Unadhani mimi nimelala?" Alikuwa anaogopa, na mkewe alimwona anaogopa, kwa hiyo hakuongeza neno. Akarudi kwenye vitunguu vyake, na machozi yalipomtoka, kisingizio kilikuwa mkononi.

Siku mbili zilizofuata mtaa ulipata burudani ya bure. Nyufa alitandika turubai juu ya kokoto na mchanga ili jua lisivipashe moto. Nyufa alimwagilia ardhi tupu jioni, ardhi isiyo na hata jani moja. "Unapanda nini hapo?" waliuliza wapita njia. Nyufa alisimika miti upande wa ukuta unakotokea upepo, akatundika mazulia, mashuka na mapazia ya sebuleni, mengine bado na pete zake. Na Jumanne jioni akaja na toroli limejaa barafu kutoka kwa muuza vinywaji baridi.

Mwalimu, jirani wa ukuta mmoja, mtu mpole ila mdadisi, alichungulia. "Barafu ya sherehe, Nyufa?"

"Ya zege."

"Zege linakunywa soda siku hizi?"

"Maji ya baridi, Mwalimu. Likichanganywa na maji ya moto linashika upesi, hata mwiko halingoji."

Mwalimu akatikisa kichwa, akashuka ukutani. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba fundi wao amechanganyikiwa.

Jumatano, saa kumi na moja alfajiri, kabla upepo haujaamka, mashine ya kuchanganyia ilianza kunguruma. Vibarua walikuwa wawili: Mrefu, ambaye kweli alikuwa mrefu, na Kimya, ambaye hakufunga mdomo tangu alfajiri mpaka alipolipwa. Fundi aliwasimamia kama askari. Kimya alipoinua ndoo ya ziada, "tuongeze kidogo fundi, limekuwa gumu," alipigiwa ukelele ulioamsha kuku wa nyumba tatu.

"Thubutu! Ndoo hiyo weka chini! Ndoo hiyo ndiyo iliyonipa jina!"

Waliburuta mbao ya kusawazisha, wakaweka pima maji, wakaenda hatua kwa hatua kutoka geti kuja mlangoni. Mama mkwe alikuwa ameshatoka zamani, amejifunga shuka mabegani, Punda amefungwa breki. Saa tatu kasoro, zikiwa zimebaki hatua mbili kufika, upepo ukaamka. Haukuanza polepole, la. Ulikuja na fujo zake zote, ukang'oa pazia la kijani la sebuleni pamoja na pete, likaruka ukuta likamfunika Mwalimu aliyekuwa anapiga mswaki.

"Mapazia yangu!" mke wa fundi akapiga kelele.

"Achana na mapazia! Leta pampu ya kunyunyizia!"

Wakanyunyiza maji laini hewani juu ya zege, mke upande huu, mume upande ule, huku Mrefu amesimama palipokuwa na pazia, amepanua mikono na turubai, amegeuka ukuta. Saa tatu na nusu mwiko wa mwisho ulipita. Wakalaza karatasi za nailoni, wakazikandamiza kwa mbao na mawe. Fundi akakaa chini.

"Punda," mama alisema, "mpaka hapa sijaona ubaya."

Kwa mama yule, hilo lilikuwa shada la maua.

Lakini saa kumi jioni, kazi nzuri vile, zege limetulia, halina hata mkunjo, fundi akafunua nailoni, akalaza ubao mpana wa kupigia magoti, akachora mstari wa chaki kutoka ukingo mpaka ukingo. Akavaa miwani. Akawasha msumeno wa umeme. Akaanza kulikata.

Mama mkwe aliona kwa macho yake mawili. Akashika kichwa.

"Punda! Punda, mtu huyu ameshindwa kungoja lipasuke lenyewe! Sasa analipasua kwa mkono!"

Fundi hakusikia, msumeno ulikuwa unapiga kelele. Akamaliza mstari wa kwanza, akasogea hatua tatu tatu, akachora mitatu iliyobaki. Mama aligeuka huku na huku akitafuta mtu mwenye akili. Binti yake alikuwa kwa Mwalimu kufuata pazia. Alibaki mmoja tu wa kumlilia.

"Mwenzanguuu!" akaita ng'ambo. "Mkwe wangu anapasua zegeee!"

Upepo ukapita hapo katikati, ukala ulichokula. Kibarazani, Bibi Redio akanyanyuka kwa kushika ukuta.

"Mkwe wako amepasuliwa?"

"Ndiyooo! Sasa hivi!"

"Amepasuliwa wapi?"

"Katikati! Katikati kabisa!"

"Mungu wangu! Mara ngapi?"

Mama akatazama. Fundi alikuwa ameshachora mistari yote. "Mara nneee!"

Sasa wewe fikiria. Mtu uliyemwona asubuhi mzima, jioni unaambiwa amefanyiwa upasuaji wa katikati, mara nne. Bibi Redio alifanya kazi yake. Akamwambia muuza maji, muuza maji akamwambia mshona viatu, na nusu saa haikupita barabara ikajaa watu wenye nyuso za msiba. Wengine walikuwa na aibu ya kweli. Walimcheka maskini wa watu na barafu yake, kumbe alikuwa anaumwa. Mwalimu alikuja mbele na jagi la maji ya machungwa, kwa kuwa mgonjwa wa tumbo hapewi chakula kizito.

Walipofika getini walimkuta marehemu mtarajiwa amepiga magoti juu ya ubao, mweupe kichwa mpaka kidole kwa vumbi la saruji, ndio kwanza amezima msumeno.

"Pole sana, Nyufa," Mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Wamekuruhusu mapema hivi? Daktari amesemaje?"

"Daktari gani?"

"Tulia, usiongee sana, nyuzi zitafumuka." Na Mwalimu, kwa huruma yake yote, akainua mguu avuke ampe mkono, na nyuma yake watu ishirini wakainua yao.

Zege lilikuwa na saa saba tu. Lilishika, ndiyo, lakini kingo za mikato ile mipya zilikuwa laini bado, za kumeguka kwa kisigino kimoja. Fundi aliinua mikono kuwazuia. Miaka miwili ya kubeba ndoo ilimpita mbele ya macho, na viatu ishirini vikining'inia juu yake.

Ndipo ulipotokea mchirizi wa maji. Ulitoka upande wa chumba cha uani, mnene, mrefu, ukampiga Mwalimu kifuani, jagi likaruka, ukapanda usoni kwa muuza maji, ukashuka kwa mshona viatu. Mama mkwe alikuwa ameukamata mpira wa maji kwa mikono miwili, amesimama nusu kwenye Punda, shuka limemdondoka.

"Ebo! Nani amewaita? Rudini! Mwenye kiatu chake na akirudishe nyuma! Hilo zege ni njia yangu hilo! Limepasuliwa, halikupasuliwa, ni langu!"

"Lakini mama, tumekuja kumwona mgonjwa…"

"Mgonjwa ni wewe!"

Walirudi wakikimbia, wamelowa chapachapa, na barabarani ndipo walipoanza kuulizana ni nani hasa aliyesema upasuaji. Ng'ambo, Bibi Redio alikuwa ameshaingia ndani na kufunga dirisha.

Fundi aliutazama mpira wa maji, akamtazama mama. Akanyoosha kidole kwenye mikato.

"Mama… hii mistari…"

Mama alishakaa, anahema. "Punda," akasema, akitazama pembeni, "mimi sielewi anachofanya. Lakini anayekanyaga, namlowesha."

Siku zilizofuata ndiye alikuwa mlinzi. Fundi alitandaza magunia juu ya zege zima, akayafunika kwa nailoni, akamwomba Punda kwa adabu amweleze mama kwamba magunia hayatakiwi kukauka hata dakika moja. Mama hakungoja kuambiwa mara mbili. Alfajiri mpaka machweo alikuwa mlangoni, mpira mkononi. Alilowesha magunia, akalowesha mbuzi wa jirani, akalowesha paka wake mwenyewe waliyekuwa wakisemezana zamani. Mapacha wakitoka shule walipita pembeni ya ukuta, migongo imebana, kama wezi. "Ana kiu," mama alisema kila upepo ulipozidi. "Mwone, ana kiu." Binti yake alimsikia akiliambia zege pole.

Fundi hakula vizuri siku hizo. Kila akikaa anaona lile gurudumu dogo la mbele. Mkewe alimwambia aende kazini, akaenda, akarudi saa nne amesahau ndoo.

Siku ya tano, asubuhi, alifunua magunia akapiga magoti. Akalikagua zege kwa kiganja na jicho, shubiri kwa shubiri, akianzia getini. Uso wote ulikuwa mzima. Hakuna uzi, hakuna mstari wa unywele. Akafika kwenye mkato wa kwanza, akainama mpaka pua ikagusa, akachungulia ndani. Akaganda. Akakimbilia wa pili. Wa tatu. Wa nne. Kisha akaruka juu, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, akapiga kofi.

"Limepasuka! Limepasuka! Mama, limepasuka!"

Mama mkwe alifumba macho. Mpira ukamponyoka.

"Limepasuka nne zote! Pale pale nilipoliambia!"

Mama akafumbua jicho moja. Na hapo, kwa mshangao, akasahau Punda.

"Na unacheka? Wewe una nini wewe?"

"Njoo uone! Ah, huwezi kuja. Subiri, subiri." Akachuchumaa mbele yake, vumbi mpaka kwenye nyusi, maneno yakimtoka ovyo. "Mama, zege likikomaa linajikunja. Lote. Hata la mafundi wakubwa. Likijikunja lazima liachie mahali, hakuna dawa. Usipolionyesha pa kuachia linachagua lenyewe, na likichagua lenyewe ndiyo ile ya kwa Bibi Redio. Basi mimi nimelikatia mistari, robo ya unene wake, nikaliambia, ukitaka kupasuka pasukia hapa, chini, ndani, mtu asikuone. Na limesikia! Ufa uko ndani ya mkato, mwembamba kama uzi, na juu pote ni pazima!"

Mama alikaa akimtazama. Alimtazama muda mrefu, mpaka fundi akakumbuka kwamba wao wawili hawana kawaida ya kutazamana, akainamisha macho.

"Kumbe umezialika," mama alisema.

"Naam?"

"Hizo nyufa. Umezialika."

"Ndiyo, mama. Za kualikwa."

Mama akaokota mpira wake. "Punda," akasema, lakini sauti haikuwa ile ya siku zote, "turudi kazini."

Jumatano saa kumi jioni, siku moja kabla ya gari la mwana wa Bibi Redio, magunia yalitolewa. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, amepaka mafuta, amechana nywele. Binti yake alishika mgongo wa kiti, mama akampiga kofi mkononi. Akashika magurudumu mwenyewe.

Punda akatoka mlangoni. Hakukataa. Alikwenda mororo, halafu tk, mkato wa kwanza ukapita chini yake. Tk, wa pili. Mama alikuwa anahesabu kwa midomo. Tk. Tk. Getini akapumua, akavuka barabara, ngumu kwa malori ya maji yanayoishindilia kila siku, watu wakampisha pande zote mbili. Hata muuza maji alisimama, mbali kidogo, kwa tahadhari.

Fundi alimfuata hatua kumi nyuma, na alipoona mama anaingia geti la Bibi Redio, akashtuka. Amesahau! Siku zote hizo anahangaika na zege jipya, lile la zamani hakulifikiria kabisa. Nyufa kumi na saba zilikuwa pale pale, wazi, zimekula mchanga wa miaka miwili, na ule mkubwa kuliko wote ulikuwa hatua mbili kutoka mlangoni.

Gurudumu dogo likanasa. Punda akainama mbele. Mama akayumba.

Fundi alikimbia, mikono mbele, lakini mama alikuwa ameinua kiganja chake bila kugeuka. Akasimama. Hakuna alichowahi kufanya kigumu kuliko kusimama vile. Mama akarudisha Punda nyuma kidogo, akamgeuza pembe, akauma meno, akasukuma. Gurudumu likapanda. Likavuka.

Akafika mlangoni. Akatengeneza gauni. Akabisha kwa kidole kilichokunjwa, mara tatu.

"Hodi!"

Ndani ikajibu sauti nzito, ya mtu anayejizuia kucheka. "Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani? Sina mgeni ninayemtarajia."

"Fungua mlango, mama wewe, nisije nikauvunja!"

Mlango ukafunguka, Bibi Redio ameshika ukuta. Wakatazamana kwa karibu, baada ya miezi sita, bila upepo katikati. Bibi Redio ndiye aliyeanza kulia, na ndiye aliyeanza kusema.

"Umekonda. Umekujaje?"

"Nimepita juu ya nyufa nne za mkwe wangu."

"Nne tu? Mimi hapa aliniachia kumi na saba."

"Zako zilijileta. Zangu zilialikwa." Mama akamshika mkono. "Sikiliza. Unaondoka kesho, una jioni moja tu, na sauti bado unayo. Mimi ndiye niliyempa mtoto wa watu jina la mzaha, wewe ukalitangaza, akakosa kazi miaka miwili. Nimeona aibu mpaka nikawa nazungumza na vyombo. Sasa nataka utangaze tena."

"Nitangaze nini?"

"Kwamba ni fundi zege. Na jina la Nyufa mwachie, atajiita akitaka. Nyufa zake zinamtii."

Bibi Redio akajifuta machozi, akasogea kibarazani kwa kushika ukuta, akavuta pumzi. Waliokuwepo wanasema ilisikika mpaka sokoni.

Fundi alikuwa amesimama katikati ya uwanja ule wa zamani, anafuta macho kwa kiwiko. Mwalimu alipomuuliza akasema ni vumbi. Jioni hiyo upepo ulikuwa umetulia tuli, hata jani halikutikisika.

Mama mkwe akageuza shingo. Hakumtazama Punda, hakuutazama ukuta.

"Baba Mapacha," akasema, "umesimama juani unangoja nini? Ingia ndani unywe chai."

"Naam, mama," akajibu, akimtazama yeye. Akaingia, akizivuka moja moja zile kumi na saba.